Kasuku Mdogo na Mkasi: Kipi Hasa Kinahitaji Kukatwa?

Ukinunua baji, yule kasuku mdogo wa kufugwa, dukani siku hizi, kuna swali utaulizwa hata kabla hujatoa pesa: "Nimkate mabawa kabisa?" Muuzaji ameshashika mkasi. Wewe unababaika, maana hujui anachokuuliza ni suala la usafi, la usalama au la urembo tu. Ukifika nyumbani, jirani anakwambia mdomo nao hupunguzwa kila mwezi. Kwenye simu kuna video ya mtu anamsugua ndege mdomo kwa tupa. Shangazi naye anashauri apakwe mafuta ya nazi ili manyoya yang'ae. Wiki haijaisha, na kiumbe cha gramu 35 kimeshapangiwa kazi za saluni nzima.

Jibu fupi ni kwamba karibu kazi zote hizo ndege anajifanyia mwenyewe, mradi apewe vitu vya kujifanyia. Kucha, mara mojamoja, huhitaji mkono wa mtu. Mdomo ukifika hatua ya kuhitaji kukatwa, mara nyingi kuna maradhi yanayousukuma. Na mabawa hayahitaji kukatwa kabisa kwa ajili ya afya ya ndege. Hukatwa kwa ajili yetu sisi. Anayelijua hilo la mwisho hababaiki tena mbele ya muuzaji, hata kama mwishowe ataamua kukubali.

Kasuku wadogo wanaofugwa zaidi kwetu ni wa aina tatu. Baji ni yule mwembamba mwenye mistari mistari kichwani na mgongoni, asili yake Australia, uzito wake gramu 30 hadi 40. Kokateli, wa Australia pia, ana kishungi na mashavu ya rangi ya chungwa, na hufika gramu 80 hadi 100. Wa tatu ni cherero, ambao wauzaji wengi huwaita lavbedi: wafupi, wanene kidogo, wenye mdomo mwekundu na hasira za karibu. Hao ni wenyeji wetu hasa. Cherero wa Fischer kwao ni kaskazini mwa Tanzania, kuanzia Serengeti kushuka kusini mwa Ziwa Victoria, na yule mwenye kichwa cheusi na ukosi wa njano ni wa nyanda kavu za kati, pande za Tarangire hadi Dodoma. Makundi ya cherero yanayoonekana Naivasha si wa asili ya pale. Ni uzao wa ndege waliotoroka au kuachiwa, na aina hizo mbili zimechanganyika.

Niseme la sheria nipite. Miaka ya 1980 cherero wa Fischer walikuwa miongoni mwa ndege wa mwituni waliouzwa nje kwa wingi zaidi duniani, na porini walipungua. Leo karibu kasuku wote wanalindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, wa CITES, isipokuwa wachache kama baji na kokateli. Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kumnasa cherero porini na kumweka ndani bila kibali ni kosa, Tanzania na Kenya vilevile. Kwa hiyo anayekuletea cherero "wa Singida" ndani ya mfuko wa sandarusi, na mabawa yameshakatwa ovyo ovyo, huyo hakufanyii hisani. Yanayofuata hapa yanahusu ndege waliozaliwa tunduni.

Unyoya ni nini

Unyoya uliokomaa umeundwa kwa keratini, kitu kilekile kinachounda nywele na kucha zetu. Ndani yake hamna damu wala mshipa wa fahamu. Ukiukata mahali sahihi, ndege hasikii maumivu ya kukatwa. Anachokisikia ni hofu ya kushikwa, na hiyo si ndogo.

Unyoya unaoota ni habari nyingine kabisa. Huchomoza ukiwa umefungwa ndani ya ala nyeupe, na shina lake limejaa damu inayoulisha. Ukiutazama kwenye mwanga utaona shina lina rangi ya zambarau au nyekundu iliyoiva, tofauti na mashina meupe ya jirani zake. Huo haukatwi kwa hali yoyote. Ukikatika, ni kama bomba lililopasuka barabarani kabla halijafika kwenye koki ya nyumba yako: unaweza kufunga koki zote za ndani, maji yataendelea kumwagika.

Na damu yenyewe haipo nyingi ya kumwagika. Ndege ana damu yenye uzito wa takribani sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Baji wa gramu 35 ana kama mililita tatu na nusu tu, haijazi kijiko cha chai. Matone saba au manane ni hasara anayoweza kuihimili akiwa mzima. Ikizidi hapo anaelekea pabaya. Ndiyo maana watu wanaojua kazi hii hawaanzi kukata kabla hawajafunua bawa na kukagua unyoya mmoja mmoja.

Mabawa: yapi hukatwa, na kwa nini

Funua bawa la kasuku taratibu utaona safu ya manyoya marefu. Yale kumi ya nje, kuanzia kwenye ncha, ndiyo yanayomsukuma mbele na juu. Yanayofuata, yaliyo karibu na kiwiliwili, humbeba asishuke. Juu yake kuna safu ya manyoya mafupi yanayofunika mashina. Kupunguza mabawa maana yake ni kukata baadhi ya yale kumi ya nje, mabawa yote mawili kwa kipimo kimoja, na mkasi hupita chini kidogo ya mahali manyoya mafupi yanapoishia. Mashina yanabaki. Yale ya ndani hayaguswi.

Kusudi lake si kumfanya ndege asiruke hata hatua moja. Kusudi ni apoteze uwezo wa kupaa, lakini akiruka kutoka begani mwako ashuke kwa mteremko na kutua sakafuni, siyo kuanguka puu. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ndege aliyenyolewa kupita kiasi hutua kwa kifua. Mfupa wa kidari, ule uliochongoka mbele, uko chini tu ya ngozi, na ukigonga sakafu ya vigae mara kadhaa hupasuka au jeraha likawa halifungi. Wapo wanaomkata bawa moja tu "ili akose mwelekeo". Mwelekeo kweli anaukosa, na kila akishtuka anazunguka hewani na kuanguka kwa ubavu. Huo ni uchokozi, na fundi yeyote anayekupendekezea njia hiyo mshukuru uondoke.

Kupunguza manyoya kusichanganywe na kukata kiungo cha mwisho cha bawa, upasuaji unaofanyiwa baadhi ya ndege wa majini wanaofugwa kwenye mabwawa ya wazi. Kiungo hakioti tena. Manyoya yanaota.

Yanaota lini? Hapa ndipo wengi wanapoteza ndege. Unyoya uliokatwa haurefuki kama nywele. Kisiki hubaki vilevile hadi zamu yake ya kunyonyoka ifike, ndipo unyoya mpya huchukua nafasi. Baji na kokateli hunyonyoka mara moja au mbili kwa mwaka, manyoya machache kwa wakati, kwa hiyo bawa hurudi kidogo kidogo bila mtu kugundua. Leo anashindwa kufika kwenye pazia, baada ya miezi kadhaa ameota manyoya mawili kila upande, na jioni moja mlango umeachwa wazi. Mwenye ndege anaapa kwamba "alikuwa amekatwa".

Hata kabla ya manyoya kurudi, usimwamini. Hawa ni ndege wepesi mno. Kasuku mkubwa akikatwa manyoya matano anakuwa mzito wa kupaa, lakini baji au kokateli aliyekatwa vivyo hivyo, akishtushwa na honi huku upepo ukivuma barazani, anabebwa hadi paa la nyumba ya tatu. Tena huyo ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa anaweza kwenda na upepo lakini hawezi kurudi, wala hawezi kumkwepa kunguru. Kumtoa nje begani bila tundu kwa sababu amekatwa ni kamari.

Dhana nyingine iliyoshika mizizi ni kwamba kukata mabawa humfanya ndege azoee watu. Anachofanya ni kukaa pale ulipomweka kwa kuwa hana pa kwenda. Mkono ukija, bado anahema haraka na kujibana. Anayezoea kweli ni yule aliyejifunza kwamba mkono huja na shuke la uwele na hauji na kukamatwa. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi za dakika chache kila siku, na inawezekana kabisa kwa ndege mwenye mabawa kamili. Nakiri ni ndefu kuliko mkasi.

Kuna mazingira ambamo kupunguza mabawa kuna mantiki. Nyumba yenye pangaboi linalozunguka mchana kutwa, jiko lisilo na mlango, watoto wanaoingia na kutoka: humo ndege anayepaa kwa nguvu anaweza kufa siku ya kwanza. Ukipima ukaona kukata kidogo kwa muda, wakati anazoea nyumba, ni afadhali, basi afanye daktari wa mifugo au mfugaji mzoefu, akate pande zote mbili, aanze na manyoya machache, amjaribu chumbani kama anatua vizuri, ndipo aongeze ikibidi. Mimi binafsi naona ni rahisi zaidi kuzima pangaboi, kufunga madirisha na kushusha pazia juu ya vioo, kisha kumfungulia kwa muda wa saa moja jioni. Ndege anayeruka kila siku ana kifua imara, hanenepi ovyo na hachoki upesi na maisha ya tunduni.

Ila kuna jambo moja ambalo sioni utetezi wake: kumkata kinda ambaye hajawahi kuruka. Maduka mengi hufanya hivyo kwa kuwa kinda hushikika kwa urahisi. Kinda hujifunza kupaa, kukata kona na kutua katika wiki zile za mwanzo baada ya kutoka kiotani. Akinyimwa kipindi hicho, hata manyoya yakirudi huwa mzembe hewani, anagonga kuta, anaogopa kutoka. Mwache aruke kwanza. Ukitaka kukata, kata baadaye.

Kuna na gharama isiyoonekana. Unyoya mpya unapoota, kwa kawaida hulindwa na jirani zake warefu. Bawa likiwa limenyolewa, unyoya ule wenye damu unasimama peke yake mbele na huvunjika kirahisi ndege akipigapiga mabawa usiku. Na ncha zilizokatwa vibaya humchoma mbavuni, baadhi yao wakaanza kuzitafuna, na tabia hiyo ikishaanza ni ngumu kuiacha.

Kumshika bila kumuua

Hili halizungumzwi vya kutosha, nami nalihesabu kuwa muhimu kuliko aina ya mkasi. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Hupumua kwa kusogeza kidari nje na ndani. Ukimkumbatia kifua kwa kiganja, hata kwa upole, umemfungia pumzi, na kwa kasuku mdogo dakika moja ni nyingi. Wapo waliokufa mkononi mwa mtu aliyekuwa akikata kucha kwa uangalifu mkubwa.

Punguza mwanga wa chumba kwanza. Chukua kipande cha kanga kuukuu, laini, kisicho na nyuzi zinazochomoka. Mgongo wa ndege ukae kwenye kiganja chako, shingo ipite katikati ya kidole cha shahada na cha kati, vidole vikiwa pembeni ya mataya na si juu ya koo, na vidole vilivyobaki vimzunguke bila kumbana. Kifua kiwe huru, ukione kikipanda na kushuka. Mwenzako ndiye akate. Ndege akianza kuhema mdomo wazi au mkia kupandashuka kwa nguvu, mwachie hapo hapo, hata kama kucha mbili zimebaki. Zitakatwa kesho.

Kucha

Kasuku ana vidole viwili mbele na viwili nyuma, na kila ukucha umepinda. Kupinda si dosari. Wengi hukata kucha zilizo sawa kwa kudhani zimezidi, kisha ndege anateleza kwenye kijiti. Kipimo ni hiki: akisimama juu ya meza tambarare, vidole vyake vilale. Kama kucha zinaviinua, au zinanasa kwenye nguo na nyavu, au zimejizungusha upande, hapo zimezidi.

Ndani ya ukucha kuna sehemu hai yenye damu na hisia. Kwa ndege mwenye kucha nyeupe utaiona kama mstari wa waridi. Kwa wenye kucha za weusi weusi, na cherero wengi wako hivyo, huioni, hivyo kata ncha tu, milimita moja, na ukitaka zaidi subiri wiki mbili urudie. Kikata kucha cha kawaida cha watu kinatosha. Kabla ya kuanza weka kornifulawa kidogo kwenye kisosi. Ukikata pa damu, chovya ukucha humo, bonyeza kwa shashi safi dakika moja au mbili, na usimrudishe tunduni hadi utakapoona damu imekauka. Kwa unyoya wa damu uliovunjika fanya vivyo hivyo, kisha mpeleke kwa daktari. Kuung'oa ni kazi yake, na hufanywa pale tu damu inapokataa kukata.

Lakini kwa nini kucha zirefuke? Mara nyingi kosa ni la vijiti. Vijiti vya plastiki au mbao laini za duara, vinavyokuja na tundu, vina unene mmoja na ni vya kuteleza, havisugui chochote. Viondoe. Weka matawi halisi yenye magamba na unene tofauti. La mpera linafaa sana: ni gumu, lisugue kwa maji, lianike, kata kwa urefu wa tundu. Atalitafuna na kulichubua, na hiyo nusu ya kazi imeshafanyika. Tawi la mparachichi usilete kabisa. Majani, magamba na tunda lake vina sumu kwa ndege hawa. Na vile vijiti vilivyovishwa msasa vinavyouzwa kwa ahadi ya kunoa kucha huchubua nyayo, kisha nyayo huota vidonda.

Mdomo

Mdomo wa kasuku haukomi kukua maisha yake yote, na hilo ndilo linalowapa watu wazo la kuukata. Wanachosahau ni kwamba haukomi kusagika pia. Mtazame baji anapokaribia kulala: anasaga mdomo wa chini dhidi ya ule wa juu, kwa sauti ndogo ya kukwaruza. Anaunoa. Akiwa na mbao, magamba ya miti na mashuke ya kuvunjavunja, urefu unabaki palepale miaka yote.

Ule mfupa mweupe wa ngisi, ambao wakazi wa pwani huuokota bure ufukweni na maduka huuza kwa bei ya kushangaza, ni mzuri kwa chokaa yake, hasa kwa jike anayetaga. Uloweke kwenye maji baridi, ubadilishe maji siku kadhaa, uanike juani. Ila ni laini. Haunoi mdomo kwa kiwango ambacho watu wanaamini, na ndege asiyeugusa hana tatizo.

Ukiona mdomo wa juu unarefuka kuelekea kifuani, ama umekwenda upande, usitafute tupa. Tafuta sababu. Ya kwanza kwa baji ni ini. Ndege anayelishwa mbegu tupu, hasa alizeti na mtama siku zote, hujaza mafuta ini, na ini likichoka mdomo na kucha hukua haraka na kuwa dhaifu, mara nyingine na madoa meusi ya damu iliyovuja ndani. Ukikata mdomo wa ndege huyo kila mwezi bila kubadili chakula, unaondoa dalili huku ugonjwa ukiendelea. Mpe sukuma wiki, mchicha, karoti iliyokunwa, kiazi kitamu cha rangi ya chungwa kilichochemshwa. Atasusa mwanzoni. Usimnyime mbegu ghafla. Mletee majani asubuhi akiwa na njaa, mbegu baadaye.

Sababu ya pili ni utitiri. Kwenye pembe za mdomo, usoni na miguuni huota ukoko wa kijivu wenye vitundu vidogo vidogo mithili ya sponji. Wafugaji wa kuku wanaujua ndugu yake: ule unaofanya miguu ya kuku iwe na magamba yaliyosimama, ambao wengi huupaka mafuta ya taa. Kasuku usimpake mafuta ya taa. Yatamchoma ngozi, na mvuke wake utamuua. Dawa ipo, ni aivamektini, na inafanya kazi vizuri, lakini ile ya chupa inayouzwa duka la pembejeo imetengenezwa kwa ng'ombe. Tone moja lake lina dawa mara makumi ya kiasi anachostahili ndege wa gramu 35. Daktari huizimua kwanza. Hapo hapana nafasi ya kukadiria kwa macho.

Mdomo wenyewe una mfupa, damu na neva hadi karibu na ncha. Mkasi wa kucha unaweza kuupasua kwa urefu, na ndege mwenye mdomo uliopasuka hali. Ukibidi kupunguzwa, afanye daktari.

Na lile jambo la jike. Baji jike akikomaa, ile ngozi ya juu ya mdomo penye matundu ya pua hugeuka kahawia na kukwaruza, ikawa nene. Ya dume hubaki buluu. Watu huitazama wakadhani ni uchafu au ukoko wa ugonjwa, wakaanza kuibandua kwa ukucha. Iache. Ni dalili kwamba yuko tayari kutaga, na hubanduka yenyewe.

Kuoga, kung'aa na moshi

Maji matupu yanatosha, ya kawaida, kwenye sahani pana isiyo na kina, asubuhi ili akauke kabla ya baridi ya jioni. Baji wengi hawapendi sahani. Wawekee jani la sukuma wiki lililolowa: watajibiringisha juu yake, wajisugue kifua na mashavu, wakimaliza wamelowa kama walioogeshwa. Kokateli hupenda kunyunyiziwa manyunyu, na vumbi jeupe unaloliona kwenye fenicha ni lake la kawaida, hujitengenezea mwenyewe.

Sabuni hapana. Mafuta ya nazi, shangazi atusamehe, hapana pia. Juu ya mkia kasuku hawa wana tezi ya mafuta wanayoyachukua kwa mdomo na kuyapanga unyoya kwa unyoya. Mafuta ya chupani hugandisha nyuzi ndogo zinazoshikana, unyoya ukashindwa kuhifadhi joto, na anapojichana huyameza. Asiyeng'aa atazame chakula chake kwanza.

Mapafu ya ndege hunyonya hewa kwa ufanisi kuliko yetu, na sumu ya hewani vilevile. Chetezo cha udi, dawa ya mbu ya kuwasha, dawa ya kupuliza ya wadudu na moshi wa mkaa visifike chumba alichomo. Vikaango visivyoshika chakula vikiachwa motoni hadi vikaungua hutoa mvuke usio na harufu kali kwetu, ila humuua ndege ndani ya muda mfupi.

Anaponyonyoka

Kila mara baji anapobadilisha manyoya kuna mwenye ndege anayepata hofu, au kinyume chake, anayepuuza ugonjwa kwa kudhani ni kubadilisha tu. Kunyonyoka kwa kawaida huacha manyoya sakafuni, lakini hakuachi ngozi tupu. Kichwani huota vijiti vyeupe vilivyochongoka, kwa kuwa kichwa ndicho mahali asipofika kwa mdomo. Mwenzake humsaidia kuvichambua. Ukiwa wewe ndiye mwenzake pekee na amekuzoea, visugue taratibu kwa ncha za vidole vile vilivyokauka tu, ala itapukutika. Kijiti kilicho laini chini na chenye rangi ya waridi kiache. Kipindi hicho huwa mkimya, analala zaidi, anakereka. Mwongezee chakula chenye protini, kama yai la kuchemsha lililopondwa, kiasi cha ncha ya kijiko.

Si kawaida: ngozi iliyo wazi kifuani au mapajani, manyoya mapya yanayotoka yakiwa yamebanwa au yamepinda, au kinda aliyepoteza manyoya ya mabawa na mkia kabla hajaruka. Kuna virusi vya mdomo na manyoya vinavyowapata kasuku, baji na cherero wakiwamo, na huambukiza kwa vumbi la manyoya na kinyesi, kwa hiyo ndege mpya asichanganywe na wa zamani mara moja. Yupo pia anayejing'oa mwenyewe kwa upweke au kuwashwa. Huyo kichwa chake huwa kizima, kwa sababu mdomo haufiki.

Madaktari wengi wa mifugo mitaani kwetu wanaona ng'ombe na kuku zaidi kuliko kasuku, kwa hiyo nenda ukiwa na taarifa. Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu, mpime mara moja kwa wiki asubuhi kabla hajala, uandike. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito, usisubiri dalili nyingine. Ndege huficha ugonjwa hadi amechoka. Chukua na karatasi ya chini ya tundu ya siku hiyo bila kuisafisha, sampuli ya mbegu anazokula, na picha ya mdomo wake iliyopigwa kwa ubavu mwezi uliopita ukiwa nayo. Tundu lifunikwe kwa kanga njiani, upande mmoja ukiachwa wazi kwa hewa.